Mlio Mmoja Kutoka Oicha

Ukiingia nyumbani kwangu Bulengera, mtaa wa Butembo, utaona diploma yangu kabla hujaona kiti. Iko ukutani, kwenye fremu, ikitazamana na mlango. Ni diploma ya uandishi wa habari, niliipata Kampala, na hakuna mjomba wala padri aliyenilipia. Mchana nilibeba magunia sokoni, jioni nilikaa darasani na vumbi la unga masikioni. Niliporudi Butembo nilikuwa na suruali mbili, diploma hiyo na sauti. Wenzangu walirudi na magari. Lakini hakuna gari ambalo mji mzima hulisikiliza ukinywa chai.

Kipindi changu kilianza saa kumi na mbili asubuhi. Niliwaita wakubwa studioni, nikawauliza juu ya barabara, maji, kodi za soko na vizuizi vya njiani, kisha nikafungua simu kwa wasikilizaji. Nasema bila haya kwamba hakuna aliyenishinda. Motari walizima pikipiki mbele ya maduka ili wanisikie. Redio ya kwanza ilinifukuza kwa swali moja nililomuuliza mfanyabiashara aliyekuwa shemeji ya mwenye redio. Redio ya pili, yenye antena juu ya kilima, ilinichukua wiki ileile. Siku moja polisi walinikalisha ofisini kwao hadi jioni kwa sababu ya neno nililolisema hewani. Kesho yake nilifungua kipindi kwa neno lilelile.

Mji ulidhani nasema na mji. Kweli nilisema nao, lakini kwanza nilisema na mama yangu.

Mama alikuwa Oicha, mbali kaskazini, kwenye shamba la kakao aliloachiwa na baba. Redio yake ndogo aliifunga kwa kamba ya mpira kwenye nguzo ya jiko. Akisikia nasema "hamjambo", alinipigia simu, ikalia mara moja, akakata. Kwetu tunaita kubipa. Watu hubipa kwa sababu hawana unités za kuongea, yaani salio, na kila mtu anajua sheria: mlio wa bipu haupokelewi. Mlio wa mama ulikuwa na maana moja tu: nimekusikia, niko mzima. Nami kwa kusema tu nilikuwa nimeshamwambia vilevile. Katika nchi hii ambapo mtu anaweza kwenda shambani asubuhi asirudi, hiyo ilikuwa barua yetu ya kila siku.

Asubuhi moja fundi wetu wa mitambo, kijana kutoka Kisangani, aliona simu yangu ikilia mezani, akadhani ni msikilizaji. Akaipokea na kuiweka hewani.

"Allô, auditeur, karibu ku antene!"

"Nani huyu anakula unités yangu?" Sauti ya mama ilijaa mji mzima. "Miye nilibipa tu! Mpatie mutoto yangu simu yake!"

Kwa miezi motari hawakuniita tena journaliste. Nilipopita sokoni walipaza sauti, "Grand! Miye nilibipa tu!" Nilijifanya nimekasirika. Ukweli, nilifurahi mji ujue kwamba hata mtu mwenye diploma ana mtu wa kumgombeza.

Halafu wakaja watu wenye karatasi yenye mihuri. Walifunga redio kwa kufuli yao, wakachukua mashine na kila simu iliyokuwa mezani, yangu ikiwemo. Nilirudi nyumbani kupumzika. Nilisema moyoni, mtu kama mimi hakosi kazi.

Siku chache baadaye nilikuwa uani napiga pasi shati langu jeupe, nikasikia kilio kikitoka upande wa barabara kubwa. Wanawake walilia jina la marehemu, na jina lilikuwa langu. Mama aliingia wa kwanza, kitambaa cheusi kichwani, mama mdogo nyuma yake na kuku kwapani. Nyuma yao walikuwa majirani zangu wa Bulengera, wakilia kwa nguvu, hata yule aliyenisalimu asubuhi ile.

Huko Oicha, mtangazaji akinyamaza ghafla, watu hawasemi redio imefungwa. Wanatafuta nafasi kwenye lori na kuja kumlia.

Mama alisimama, akanitazama na pasi yangu.

"Weye hapana kufa?"

"Sikufa, mama. Banafunga radio tu."

"Banafunga radio, na weye unanyamaza?"

"Banabeba na simu."

"Na miye nimeacha kakao inje, inakauka juu ya bâche! Mvua ikinyesha, utaianika weye na shati yako?"

Jirani mmoja akapangusa macho. "Sasa, mama, tuendelee kulia ama tuache?"

"Muache," mama alisema. "Mukule kuku."

Akanishika sikio, kama alivyonishika utotoni, na hakuliachia kwa muda.

Nilimwomba abaki. Nilimwonyesha nyumba niliyoijenga kwa matofali yaliyochomwa, sementi chini, bomba uani. "Iko muzuri," alisema. "Lakini kakao haiote ku simati." Alipopanda lori la kurudi aliniachia agizo: "Ukirudi ku radio, kila asubui sema kitu ya leo. Kama mvua iko, sema mvua iko. Vile njo nitajua ni weye wa leo, hapana weye wa jana."

Baadaye redio kubwa kuliko zote za Butembo iliponiita, kazi ilikuwa nzuri: ofisi, gari la kunichukua mlangoni, jina langu kwenye bango. Mkurugenzi, mtu aliyetumwa kutoka Kinshasa, alinieleza kwa upole.

"Mon cher, direct, kusema moja kwa moja hewani, inakuletea matatizo. Sisi tunaenregistrer kwenye mashine mchana, tunasikiliza, tunakata, asubuhi inapita hewani. Wewe uko umelala."

"Na nikifa usiku?"

Alicheka. "Kipindi kitapita tu!"

Nilikataa, na sijawahi kujuta. Ni mtangazaji gani mwingine wa mji huu angekataa bango? Nilikwenda Beni, kwenye redio ya vyumba viwili ambayo mawimbi yake yanafika Oicha vizuri lakini yanaishia kwenye vilima kabla ya Butembo. Kila asubuhi nilitazama dirishani na kusema hali ya anga upande wa kaskazini. Mlio ulikuja, mara moja, ukakatika.

Sasa hauji tena. Vita vilifika kwenye kakao ya mama. Alikimbia na redio yake mkononi, na leo anaishi Bulengera, katika nyumba yangu, chini ya diploma yangu, kama nilivyotamani miaka yote. Tatizo ni kwamba huko hanisikii. Nilimwambia, "Mama, nirudi Butembo? Ile redio kubwa bado inaniita."

"Utasema kitu ya jana ku batu ya Butembo? Bakia. Ku Oicha kuko batu mwenye banabakia."

Ninaye salama, na bado ninaungojea mlio wake. Ninampigia kila siku baada ya kipindi, anapokea, anaongea hata unités zangu ziishe. Si kitu kilekile. Kuna furaha ambayo ilitosha ndani ya mlio mmoja na ambayo maneno yetu yote ya sasa hayaijazi.

Leo asubuhi nilisema hewani kwamba upande wa Oicha kuna mawingu mazito. Simu ikawaka mezani, ikalia mara moja, ikakatika. Namba nisiyoijua. Kisha nyingine. Siku hizi zinakuja hivyo, kutoka kwa mama za watu wengine, wale waliobaki Oicha. Sizipokei. Sheria naijua.

Baada ya kipindi nilimpigia wangu, nikamwambia juu ya mawingu.

"Basi habataanika kakao leo," alisema, na hakuna kati yetu aliyekata simu.