Raba za Kocha

Nilikuwa mwalimu mgeni Kasulu, baridi ya asubuhi nimeshaizoea, ila mpira wa wavu ulikuwa umenishinda kabisa. Kila nikianzisha, mpira unaishia wavuni. Na Jumamosi timu ya walimu inakwenda kucheza Kibondo, nafasi imebaki moja, nami niliitaka safari ile kufa na kupona. Kocha wetu, mama muuza maharage ambaye wazazi wake walitoka Burundi, alishasema wazi kwamba nisipovusha mpira leo, nitabaki.

Jioni hiyo akanivuta pembeni, akashika mpira. "Raba," akaniambia.

Jamani, niliona aibu! Kwetu Korogwe raba ni viatu vya michezo, na mimi nimekuja uwanjani na ndala. Nikajua nasemwa. Basi nikamtazama miguuni, nione yeye kavaa raba gani. Thubutu! Naye yuko na yeboyebo zake za plastiki za sokoni. Akapiga, mpira ukavuka. "Raba." Akapiga tena. Mimi macho nimeyakodoa palepale kwenye yeboyebo.

Ndipo nikaona. Kabla mkono haujapiga, mguu wa kushoto unatangulia hatua moja, vumbi jekundu linatimka, halafu mwili mzima unaufuata. Kumbe wiki zote zile nilikuwa naukimbiza mpira kwa macho, miguu yangu imesimama kama nguzo! Nikamwomba mpira hata kabla hajamaliza kuonyesha.

Kushoto, mwili, mkono. Mpira ukapaa, ukavuka wavu, ukaenda kumgonga mwalimu wa hesabu kifuani. Nikajipigia vigelegele mwenyewe, sikungoja mtu. Nikapiga wa pili, nao ukavuka. Wa tatu pia. Kocha akasema Jumamosi nisichelewe, na furaha niliyokuwa nayo siwezi kuieleza.

Nilipomsimulia habari ya yeboyebo, alicheka mpaka akakaa chini. Raba kwa Kirundi ni angalia, akanieleza, na alichotaka niangalie ni kiganja chake. Halafu akaitazama miguu yake.

"Hivi huwa natanguliza upi, mwalimu?"

Nikachukua mpira, nikarudi kwenye mstari.

"Raba, mama," nikamwambia.