Mjusi wa Bibi kwenye Ndoo

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila kitu kilikuwa kinaingia Newala: redio, viatu vya mitumba, biskuti za nchi nisizozijua, na mwisho akaingia mjusi wa bibi yangu.

Bibi alikuwa mfinyanzi kule Mkunya. Kwenye kila mtungi alichora mjusi mwenye mkia uliopindia kushoto, kwa sababu kidole cha mama yake kiliwahi kuteleza, naye akaupenda mpindo ule. Ukiuona mkia, umejua mtungi ni wa nani. Mwaka mmoja nyuma mgeni wa kampuni ya ng'ambo alipita, akaupiga picha mtungi, akashukuru, akaenda zake. Sasa nimekuja likizo kutoka Masasi nilikokuwa nafundisha, mimi na bibi tukamkuta mgeni yuleyule sokoni juu ya gari, anauza ndoo za plastiki. Kila ndoo ina mjusi, na mkia umepindia kushoto!

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka moto. Bibi je? Akapiga kigelegele.

"Kumbe huyu ni mtani wetu!"

Kwetu mtani ndiye pekee anayebeba chako bila kuomba. Akija msibani hunyanyua sufuria la wali akaondoka nalo, nawe unacheka, maana zamu yako itafika. Kwa bibi jambo lilikuwa jepesi: huyu kabeba, basi naye abebewe. Akapanda gari na magoti yake mabovu, akamvua mgeni kofia, akaivaa, akatwaa ndoo mbili, akashuka. Soko zima likalipuka. Mimi, mwalimu mzima, nikampokea ndoo moja tukatimua mbio, kanga zinapepea, nacheka hadi mbavu zinauma. Nyuma yetu mkalimani wake alikuwa anahangaika kumweleza mgeni maana ya utani. Sijui alifika wapi, ila hakuna aliyetufuata.

Nyumbani bibi akaigeuza ndoo. Chini kulikuwa na maandishi ya Kiingereza.

"Soma, mwalimu."

Nikasoma, kicheko kikanikauka. "Wanasema mchoro huu ni mali ya kampuni. Haruhusiwi mtu mwingine kuuiga."

"Mtu mwingine nani?"

"Yeyote, bibi. Hata wewe."

Akaupapasa mkia wa mjusi kwenye ndoo. Niliogopa atalia, maana mjusi yule ndicho kitu pekee alichoachiwa na mama yake. Ndipo nikaliona kosa letu: tulidhani mgeni anajua kwamba utani una zamu. Kisha mabega ya bibi yakaanza kutikisika, kicheko kikamtoka mpaka akakaa chini. Akauvuta mtungi mbichi uliokuwa ukisubiri nakshi, akachukua kijiti chake.

"Kasimame mlangoni, mjukuu wangu," akaninong'oneza, machozi ya kicheko yanamtiririka. "Angalia kama kuna mtu anakuja. Naiba."

Nikaenda kusimama mlangoni, na kweli nikaangalia barabara.