Matonge ya Mama

Mimi si mtu wa kutulia. Nikikaa, mguu unacheza. Nikilala, kichwa kinapiga hesabu. Kwa hiyo siku ile muuguzi aliposema sukari ya Mama imepanda, na kidonda cha mguuni kisipopona huenda mguu ukakatwa, hesabu zilianza kabla hatujafika nyumbani Kapata. Bukari, ugali wetu, gramu mia mbili kwa mlo, alisema, isizidi. Gramu! Sisi unga tunapima kwa kopo, na kopo la Mama lina kilima juu.

"Pangusa, Mama. Liwe sawa na ukingo."

"Kopo bila kilima? Aka! Hiyo njo bwizi ya soko!"

Na hata angepangusa, isingesaidia. Unga uleule, ukiongeza maji bukari inazidi uzito, ukiikaza inapungua. Halafu sufuria ni ya wote. Nitajuaje kiasi gani kimefika tumboni mwake?

Nikaazima balansi, mizani ndogo, kwa jirani anayeoka gato za harusi. Baba amechimba kobalti Kasulo miaka mingi, mawe yake ameyauza kwa wanunuzi wenye balansi, na ile yangu aliiangalia kama nyoka. "Hii kitu inakulaka kilo za batu," alisema. Akaweka juu yake pakiti ya chumvi, ya nusu kilo, haijafunguliwa. Balansi ikasema nusu kilo. Baba akaitoa, akairudisha, ikasema vilevile. Kumbe balansi inaweza kusema kweli; ni wanunuzi waliomla miaka yote. Nikamwonea huruma.

Mlo wa kwanza nilimpimia Mama bukari yake kwenye sahani yake peke yake. Balaa! Kwetu tunakula sahani moja, mikono yote ndani. Anayetengewa ni mgeni, au ni mtu anayeogopwa. Mama akaiangalia ile sahani, akatuangalia sisi tulioizunguka sahani kubwa.

"Niliroga nani?" aliuliza.

Hakugusa kitu. Na kwa dawa anazokunywa, njaa nayo ni hatari. Nilizunguka ua mpaka Baba akanifokea nikae.

Ndipo nikapata akili. Nilimwomba Mama akate tonge, kama anavyokata siku zote, aliweke kwenye balansi. Gramu ishirini na tano hivi. Basi, matonge manane, na arudi kwenye sahani yetu. Alifurahi huyo! Akachovya kwenye sombe ya majani ya muhogo, akanitania kwamba nimesoma miaka yote ile ili nije kupima tonge.

Wiki haikuisha. Matonge yalibaki manane, lakini yalianza kunenepa, kila moja kubwa kuliko lililotangulia. Mimi sikuwa nakula tena. Nilikuwa naangalia vidole vyake, na midomo yangu inahesabu yenyewe.

Mama akaniona. Mkono wake ukasimama juu ya sahani.

"Uko unanihesabia matonge? Mi njo nilikulisha weye. Sikukuhesabia."

Mama we, niliungua kwa aibu! Kwetu anayehesabu tonge la mwenzake ni mchoyo wa mwisho, sembuse la mama yake mzazi.

"Batakata muguu yako, Mama. Naogopa."

Hayo tu, mbele ya wote, halafu nikalia. Mama akanawa, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Kesho yake mchana alikuja akakaa mahali pake, ila hakukata. Alinyoosha kiganja mbele yangu.

"Kata weye. Mukono yangu iko mwizi."

Nikakata, ukubwa uleule tuliopima, nikaweka kiganjani. Akala. Baba alikaza macho kwenye mboga. Nikakata tena, na tena, mpaka la nane. Alilitafuna taratibu, akameza.

Kisha akanyoosha kiganja tena. Nikakishika hivyohivyo, kitupu, mpaka wengine walipomaliza kula.