Mtoto Aliyenona

Sikuwahi kutulia tangu nipewe kile kifaa. Ni kama koleo dogo lenye uso wa saa: unabana ngozi nyuma ya mkono wa mtoto, mshale unasoma unene wa mafuta. Watafiti walinituma kubana watoto wa Kipsongo, pale Kitale, na mama zao walinichukia. Ilikuwa haki yao.

"Si hata nyama hana, bana. Unafinya nini?" mmoja aliniuliza. Niliandika namba nikaenda nyumba ya pili.

Binti yangu wa miaka miwili nilimwacha Bungoma kwa mama yangu. Kila wiki nilitumiwa picha kwenye simu: mashavu yamejaa, miguu minene. Nikajigamba kwa wenzangu, eti wangu hahitaji kupimwa. Mganga hajigangi.

Lakini moyo ulinidunda tu, sijui kwa nini. Jumamosi moja nikaenda bila kutangaza. Mama alitoka nje amembeba, anatabasamu.

"Angaria vire amenona!"

Mtoto hakunikimbilia. Alinuna, nywele zimepauka. Nikauliza anakula nini. Ugali kwa chai ya rangi, mama akasema, na mihogo.

"Na mayai?"

"Mtoto akikura mayai mapema atachelewa kuongea. Hata wewe sikukupea."

Nikatoa kifaa mkobani, nusu mchezo, nusu hofu. Nikabana. Mshale haukusimama, ulishuka, ukazidi kushuka. Mafuta hayakimbii hivyo, maji ndiyo hukimbia. Nikabonyeza mguu wake kwa kidole gumba, nikahesabu hadi tatu, nikaachilia. Shimo likabaki. Hakuwa amenona. Alikuwa amevimba kwa kukosa chakula cha kujenga mwili.

Nilimfokea mama maneno nisiyotaka kuyaandika hapa. Bodaboda ikatupeleka hospitali ya misheni kule Lugulu, mtoto katikati yetu.

Siku ya nane maji ya uvimbe yalikuwa yameisha mwilini. Mama aliziona mbavu, akaketi sakafuni.

"Ni mimi nimemfanya hivi?"

Nilitamani kumjibu ndiyo. Nilikuwa na hasira hiyo. Lakini yeye alimwona kila siku asijue. Mimi nilizijua dalili, na sikuja kumwona.

Ndipo mtoto akaomba uji, kwa mara ya kwanza tangu tufike. Nikakimbilia kijiko, nikamnyooshea. Akageuza uso, akamfungulia nyanya yake mdomo.