Baba Hakumsamehe Bwana Kapera

Usiku ule wa kuamkia siku ambayo Bwana Kapera angekuja nyumbani kutuomba msamaha, baba alinijia. Alikuwa na miaka sita kaburini.

Baba alikuwa mhandisi wa maji wa serikali, mtu wa visima virefu. Mwezi mzima angeweza kuwa porini na mitambo ya kuchimba, lakini siku akirudi, kabla hata hajaoga, alipanga viatu vyetu vya shule barazani akavipaka rangi pea moja moja. Mimi nilipewa jina la mama yake, kwa hiyo tangu utotoni, na hata nilipokwisha kuzaa, aliniita Mama.

Katika kijiji kimoja cha nchi kame alipima maji ya kisima kipya akakuta yana madini mabaya, yale yanayoharibu meno na mifupa. Akaandika kisima kifungwe. Bwana Kapera, mkuu wake wa kazi, alikuwa amekwishawaahidi wakubwa sherehe ya ufunguzi. Akaichana ile taarifa, akaandika nyingine, akaghushi saini ya baba. Miaka ilipopita, watoto wa kijiji kile walikuwa na meno ya rangi ya kutu, na wengine miguu imepinda. Ikatafutwa saini, ikakutwa ya baba. Akaachishwa kazi. Alisema si yeye, akasema tena, hakuna aliyemsikia. Wanawake wa kijiji kile walimlaani kwa jina, naye laana ile alikwenda nayo mpaka presha ilipomwangusha.

Kapera alistaafu kwa heshima zote. Kisha kiharusi kikampooza upande mmoja, naye akatuma wazee kukiri kila kitu na kuomba aje. Mama yangu alikubali. Wajomba wakaniambia ukubwa ni jaa, nimeze. Mimi nilikwenda kulala nikiomba kile kiharusi kirudi, kimalizie.

Nikamwona baba barazani, ameinama, anapaka viatu rangi. Viatu ni vingi mno, vimejaa mpaka uani, na kila kimoja soli yake imelika upande. Nikajua ni vya watoto wa kule. Nikachutama nimsaidie, na nilipoinua kichwa baraza haipo tena, tuko kisimani, jua la saa saba liko utosini. Wanawake wamepanga foleni na ndoo zao. Hawasalimii. Bwana Kapera amesimama kati yao na suti yake, mzima, mikono yote miwili inafanya kazi.

Baba anakinga maji kwenye kikombe, ananipa.

"Mpe anywe."

Namsogelea Kapera. Anafumba mdomo. Namshika kisogo, nambandika kikombe, kinagonga meno yake, maji yanamchuruzika kidevuni mpaka kwenye tai. Nasikia raha ambayo sijawahi kuisikia. Nataka kisima kizima kiishie tumboni mwake. Baba ananitazama, wala hanizuii.

Nikakumbuka, nikamwambia kesho mtu huyu anakuja nyumbani, na mama amekwishakubali kumsamehe. Baba akafunga bomba, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Mimi sikukubali, Mama. Aje aombe hapa, siyo sebuleni kwenu."

Akawageukia wale wanawake wa foleni.

"Na hawa wakikataa, imekataliwa."

Nikaamka. Mkono wangu ulikuwa umekunjwa ngumi, na vidole vilikataa kunyooka mpaka nilipovinyoosha kwa mkono mwingine.

Saa nne walifika. Wazee wawili walimshika Bwana Kapera mpaka kwenye kochi. Mama alikuwa ametandika vitambaa, soda ziko mezani. Mzee mmoja alianza maneno ya suluhu, nikaomba radhi nikamkata. Nilimpa Kapera shikamoo yake, kisha nikamweleza ndoto yote, hata kile kikombe sikukificha.

Mjomba mmoja alisema kwa ukali kwamba ndoto haiwi ushahidi. Kapera alikuwa akilia, na machozi yalitoka jicho moja tu. Miaka sita nilikuwa nimeyangoja machozi yale. Niliyatazama yakishuka, nikaona hayanitoshi.

Mama hakunikemea. Aliinuka, akaingia chumbani, akatoka amejitanda kitenge cha safari. Akawaambia wazee kwamba gari lao lina nafasi, na kule kisimani ni mbali, afadhali tuondoke sasa.

Kapera akanitazama mimi.

"Watanipiga?" aliuliza.

"Hilo baba hakuniambia," nikamjibu, nikamshika ule mkono uliokufa, nikamwinua.