Siku Tuliyovaa Majoho Langoni

Wazo la kuvaa majoho lilikuwa langu. Nakiri mapema kwa sababu wenzangu wawili wangali wanadai lilikuwa la kamati.

Serikali ilikuwa imepunguza tena fedha za chuo chetu hapa Eldoret, na chuo nacho kikaanza kupunguza watu, kuanzia chini. Orodha ilibandikwa ubaoni Ijumaa. Katika idara yetu aliguswa mtu mmoja tu: katibu wetu, mama wa mtaa wa Langas aliyechapa tasnifu zetu zote, yangu ikiwemo, huku akisomesha mabinti wawili kwa mshahara huo. Aliyetaka kukata rufaa alipaswa kuifikisha mwenyewe, kwa mkono, katika ofisi ya msajili kabla ya saa kumi Jumatatu. Asiyeifikisha angehesabiwa kuwa amekubali kwenda nyumbani.

Nilimwandikia rufaa hiyo. Kurasa nne, mbili zikiwa falsafa tupu.

Wahadhiri tulikuwa tumepanga kuandamana Jumatatu hiyohiyo, na tulijua polisi wangekuwepo. Ndipo nikawashauri wenzangu tuje na majoho yetu ya mahafali. Huku kwetu joho huchinjiwa fahali, na picha yake hutundikwa juu ya televisheni hadi mwenyewe anazeeka. Ni polisi gani angelipiga? Katibu nilimwahidi kwamba angepita katikati yetu salama, kama bibi harusi.

"Nyinyi ni kwaya ya kanisa gani?" askari aliyesimama mbele ya lango la chuo alituuliza.

"Sisi ni madaktari," nikamjibu kwa sauti ya darasani.

"Mmegoma tena? Na wagonjwa mmeachia nani?"

Wenzake walicheka. Nilianza kumweleza tofauti ya madaktari wa hospitali na sisi wengine, na nilikuwa bado katika utangulizi gesi ya machozi ilipolipuka miguuni petu.

Kuna jambo moja kuhusu joho ambalo hakuna aliyewahi kunifunza: lina kipande kinachoning'inia mgongoni, na askari akikivuta, linakunyonga. Nilivutwa hivyo hadi chini. Rungu la kwanza lilitua begani na nikasikia mfupa ukilia kama kuni kavu. La pili lilinipata mdomoni. Kando yangu profesa wetu wa historia, mtu wa miaka sitini na tatu, alikuwa akitambaa akitafuta miwani, na buti likampiga mbavuni, likarudi, likampiga tena.

"Imba, kwaya! Imba!"

Katibu hakuwa na joho. Alikuwa na bahasha. Nilimwona akipita kando ya nguzo ya lango, ameinama, ameiinua juu ya kichwa.

"Mama, angusha hiyo kitu!"

"Ni barua, afande! Ni barua tu!"

"Nimesema angusha!"

Hakuangusha. Askari aliupiga mkono ule mara tatu, polepole, kama mtu anayepigilia msumari. Katika pigo la tatu bahasha ilianguka, naye akaiokota kwa mkono wa kushoto na kukimbia.

Nilimkuta dirishani kwa msajili saa kumi kasoro dakika kumi. Nilikuwa natema damu kwenye joho langu. Vidole vyake vya kulia vilikuwa vimevimba na viwili vilitazama upande usio wao. Karani aliisukuma rejista mbele yake.

"Weka sahihi hapa, Mama."

Alijaribu kuishika kalamu. Ikaanguka. Akajaribu tena, ikaanguka. Mwishowe karani, bila kumtazama usoni, akatoa kidau cha wino, naye akabandika dole gumba la kushoto.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Rufaa ilikuwa imefika kwa wakati, lilisema, lakini imekataliwa, kwa kuwa mhusika alionekana katika vurugu za langoni akiwa pamoja na watu waliovaa majoho. Wenye majoho tulipewa onyo, tukarudi darasani.

Nilikwenda kwake Langas, bega langu likiwa bado limefungwa, nikamwambia tutaandika rufaa nyingine, fupi, isiyo na falsafa.

"Hapana, Daktari," alisema. Mkono wake uliofungwa plasta ulikuwa juu ya meza, na binti yake mkubwa alikuwa akimkatia ugali vipande vidogo. "Ile ya kwanza uliandika wewe, nikaibeba mimi."

Kisha akaniuliza kama nimekula.