Safari Niliyoiita Likizo

Usiku ule nililala na hasira. Zuhura, binti yangu wa miaka kumi na tano, alikuwa amenijibu tena kwa lugha ya huku ugenini, kisha akanibamizia mlango. Wiki mbili nzima hata shikamoo hanipi! Mimi ninayeamka alfajiri kwenda kuogesha wazee wa watu ili yeye asome. Nikasema afadhali tiketi nilishaikata tangu mwezi uliopita. Ijumaa anapanda ndege kwenda Tanga kwa kaka yangu, akafundishwe adabu huko huko. Yeye nilimwambia anakwenda likizo. Wenzangu wengi hapa hufanya hivyo, maana mtoto akijua ukweli hapandi ndege.

Usingizi ukanichukua. Mara namwona mama yangu mzazi jikoni kwangu, naye tulimzika mwaka jana. Amejifunga khanga kiunoni, anakuna nazi, na dirishani theluji inaanguka. Sishangai. Naanza kumshtaki Zuhura kwake: mjukuu wako kanishinda, mama, kawa jeuri, ananiona mjinga. Namwaga yote. Yeye anakuna nazi tu. Inaniudhi kweli, mtu hata akishakufa hataki kunisikiliza.

Mara hatuko jikoni tena. Tuko uani kwake Tanga, na Zuhura ana miaka mitatu, yuko mgongoni kwa bibi yake. Mimi nimeshika begi. Ni ile siku niliyoondoka kuja huku, miaka sita kabla ya kumwita anifuate.

Mama ananitazama. "Siku ile ulimwambia unakwenda dukani," anasema. "Miezi miwili alikaa mlangoni anakusubiri. Nikambeba mimi. Safari hii atabebwa na nani, na mimi sipo?"

Nataka kujitetea, kwamba sikuwa na njia, kwamba angelia. Nina hasira naye, nina hasira na nafsi yangu, nalia.

Niliamka mto umelowa, kunapambazuka. Nikaenda chumbani kwa Zuhura, nikaketi pembeni ya kitanda chake. Nikamwambia yote: haikuwa likizo, tiketi ilikuwa ya kwenda tu, na sasa haendi popote.

Hakugeuka. Alikuwa ameelekea ukutani, kumbe yuko macho.

"Niliiona hiyo tiketi wiki mbili zilizopita," alisema, kwa Kiswahili. "Nilikuwa nasubiri uniambie, mama."